Kwa mnaoanza uhandisi wa kompyuta Mbeya: zoeeni kasoro mapema

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, karibuni. Kuna jambo lilinichelewesha mwaka mzima: nilidhani ugumu wa kompyuta za kiwango cha nanomita (sehemu moja ya bilioni ya mita) ni kutengeneza vitu vidogo. Nikakariri namba. Prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista, yaani swichi ndogo za umeme, 2,300, leo chipu ya simu ina mabilioni. Ni kweli, ila hazikunifundisha kazi.

Tatizo la kwanza ni kuvuja. Ukuta wa kuzuia umeme wenye unene wa nanomita moja ni safu chache tu za atomu, na kwa kanuni za fizikia ya kwanta elektroni hujipenyeza humo. Transista imezimwa, umeme bado unapita, na unaishia kuwa joto. Asubuhi za Juni pale Iyunga, vidole vikiwa vimekufa ganzi, nilivisogeza kwenye tundu la feni la laptopu nipate moto. Joto hilohilo ndilo lililofanya kasi ya prosesa isipande tena kama zamani, tangu katikati ya miaka ya 2000. Nilipolielewa hilo, fizikia ya kwanta ikaacha kuwa somo la mtihani.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi: kasoro. Vitu vidogo kiasi hicho havitoki vyote vizima. Sokoni Uyole, gunia la viazi halitupwi kwa sababu ya viazi vitano vilivyooza. Vinachambuliwa, biashara inaendelea. Teramac, kompyuta ya majaribio ya Hewlett-Packard ya miaka ya 1990, ilikuwa na kasoro kama 220,000. Kasoro zilitafutwa, zikawekewa ramani, zikakwepwa, na kwa baadhi ya kazi ikaipita kompyuta nzuri ya wakati huo kwa kasi mara 100. Mwaka 2019, watafiti wa MIT, chuo cha Marekani, walitoa prosesa ya mirija midogo mno ya kaboni yenye transista zaidi ya 14,000. Baadhi ya mirija hiyo hupitisha umeme muda wote, kama swichi isiyozimika. Wakapanga saketi zisiharibiwe nayo.

Kwa hiyo msikwepe kipindi cha takwimu. Kiwanda cha chipu hatuna, lakini kutafuta kasoro ni hesabu, na laptopu ya kawaida inatosha. Chora kwenye programu saketi ya kujumlisha namba mbili, mwombe mwenzako aharibu kwa siri lango moja (kipande cha saketi kinachotoa 0 au 1 kulingana na kinachoingia), kisha ulitambue kwa kutazama majibu peke yake. Mimi la kwanza lilinichukua wiki mbili.