Jibu: Kinga inaigunduaje salmonela iliyojificha ndani ya seli?

Dada, umeuliza salmonela, bakteria inayoleta tifoide, ikisha kuingia ndani ya seli nani anaiona, maana kingamwili hazifiki mule. Kazi hiyo ni ya inflamasomu, mtambo wa protini ndani ya seli unaopiga kengele ya hatari. (Jina lilitolewa 2002 na kundi la Jürg Tschopp, Lausanne, Uswisi.)

Salmonela huogelea kwa mkia wa protini iitwayo flajelini. Flajelini hiyo ikivuja ndani ya makrofaji (seli ya kinga inayomeza vijidudu), protini ya NAIP inainasa na kuita wenzake, protini za NLRC4. Wanajipanga duara kama gurudumu, na hiyo ndiyo inflamasomu. Gurudumu linaamsha kaspasi-1, kimeng'enya kinachokata protini, ambacho kwangu ni mkasi tu. Mkasi unakata protini ya gasdemini D, vipande vyake vinatoboa utando wa seli, maji yanaingia, seli inavimba hadi inapasuka. Nyumba imebomolewa na mwizi yuko nje, neutrofili, askari wengine wa kinga, wanamsubiri.

Mkasi huohuo unakomaza interlukini-1 beta, protini ya kupeleka ujumbe, inayopandisha homa. Hapa Kadutu, mjini Bukavu, mtoto akichemka usiku tunakimbilia kitambaa cha maji baridi. Kumbe sehemu ya lile joto ni mwili wenyewe umeliwasha.

Ila salmonela ni mjanja: ikisha kutulia ndani, inapunguza kutengeneza flajelini, na NAIP inakosa cha kunasa. Kwa hiyo tifoide ikithibitishwa maabara, mgonjwa ameze antibiotiki zote alizoandikiwa.