Kwa Mwalimu Mpya wa Uraia: Anzia kwenye Kura ya Kiranja

Mwalimu mwenzangu unayeripoti kituoni kwa mara ya kwanza na kukabidhiwa vipindi vya Uraia, azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha mwaka mzima, litakufikisha mapema kwenye maana ya demokrasia. Wanafunzi watainakili, wataikariri, na wengi wao wataiandika vizuri katika mtihani wa Taifa. Hilo halina ubaya. Hata hivyo, wanafunzi hao hao watakuwa wakilipima somo lako kwa yale wanayoyaona shuleni kila siku, nami nilichelewa kulitambua hilo.

Katika mwaka wangu wa pili kazini niliendesha uchaguzi wa kiranja wa kidato cha pili. Boksi la chaki tulilifanya sanduku la kura, kila mgombea akaweka wakala wake, na kura zikahesabiwa ubaoni mbele ya wote, mistari mitano mitano. Msichana mmoja mpole alipata kura 27, mpinzani wake 19, na kura mbili ziliharibika. Siku ya tatu mwalimu wa nidhamu alimtangaza yule aliyeshindwa kuwa ndiye kiranja, kwa hoja kwamba ana sauti ya kuamrisha. Nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni na niliogopa kuonekana mjuaji. Wiki iliyofuata, nikiwa katikati ya mada ya uchaguzi huru na wa haki, kijana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akauliza kama hayo ni ya mtihani tu. Nilikosa jibu, na kwa darasa lile sikuaminika tena hadi walipohitimu.

Kwa hiyo, kabla hujakata karatasi ya kwanza ya kura, kaa na mkuu wa shule pamoja na mwalimu wa nidhamu mkubaliane mipaka, tena kwa maandishi. Kama uongozi unataka kuchuja wagombea, uwachuje mapema kwa vigezo vilivyobandikwa ukutani. Kama unataka kuteua, na uteue, lakini wewe usikubali uteuzi huo uitwe uchaguzi.

Suala la lugha nalo litakusumbua. Kidato cha kwanza wametoka kusoma kwa Kiswahili, na sasa wanatakiwa kujadili haki na wajibu kwa Kiingereza. Ukimya wao usiuchukulie kuwa uzembe. Mimi huwaacha wabishane kwa Kiswahili kwanza, kisha tunaandika hoja zao kwa Kiingereza ubaoni, nao wanayaingiza maneno hayo kwenye madaftari wakiwa wameshayaelewa. Chukua pia nakala ya Kiswahili ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 8, inayosema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, ikisomwa kwa sauti na mwanafunzi mwenyewe huibua maswali ambayo hakuna kitabu cha kiada kilichowahi kuniibulia.

Watakuuliza wewe ni wa chama gani, hasa mwaka wa uchaguzi. Waambie kwamba kura yako ni siri, kwamba mtumishi wa umma hafanyi kampeni darasani, kisha ugeuze swali hilo kuwa kipindi: kwa nini kura ni siri? Wale wa kidato cha nne watakaotimiza miaka 18 ifikapo siku ya kupiga kura waeleze jinsi ya kujiandikisha katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kwani wengi hudhani ni mpaka wawe na kazi.

Pale shule inapokuwa kijijini, omba ruhusa uwapeleke wanafunzi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Walio chini ya miaka 18 hawapigi kura, lakini watasikiliza. Katika mkutano mmoja tuliohudhuria, mapato na matumizi yalisomwa haraka haraka, kama mtu anayewahi basi, mpaka bibi mmoja aliyeketi juu ya mzizi wa mwembe aliposimama na kutaka arudiwe hesabu ya choo cha zahanati. Mwenyekiti alipekua makaratasi yake, akakohoa, akaahidi kuleta risiti katika mkutano ujao. Wanafunzi wangu waliinukuu tarehe ya mkutano huo, na siku ilipofika wanne kati yao walikwenda bila kuambiwa na mtu.