Ng'ombe wa maziwa na insulini: mnaoanza fildi someni hapa

Wadogo zangu mnaoanza fildi, hasa mliopangiwa Rungwe, Arusha au Tanga kwenye ng'ombe wa kisasa wa kufungia bandani, hili lishikeni mapema maana chuoni linapitwa haraka sana. Ukiitwa kwa ng'ombe ana wiki mbili tu tangu azae, pumba anaziacha ila majani anatafunatafuna, maziwa yameshuka, kinyesi kigumu, pumzi inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hapo fikiria ketosisi, yaani ketoni (kemikali zinazotoka mafuta ya mwili yakiyeyushwa) kujaa kwenye damu, na ujue haijaanza jana.

Iko hivi. Ng'ombe akishazaa homoni ya insulini kwenye damu inashuka na ndo inavyotakiwa, sababu misuli na mafuta vinaitegemea ili vivute sukari, kiwele hakiitegemei, kwa hiyo ikiwa chini sukari inakwenda kwenye maziwa. Lita moja ya maziwa inakula kama gramu 70 za glukosi, yaani sukari ya damu, sasa piga hesabu ng'ombe wa lita 20, hiyo ni kilo 1.4 kila siku, na sukari anayokula karibu yote inachachuliwa na vijidudu tumboni, ini ndo linamtengenezea nyingine. Chakula kisipotosha anayeyusha mafuta yake, ini linazidiwa, ketoni zinajaa. Nawaomba sana msishauri watu wamnyweshe soda au maji ya sukari, vijidudu ndo watafaidi. Aitwe daktari wa mifugo amtundikie dextrose (maji ya sukari) ya mshipani, halafu anyweshwe propileni glaikoli, dawa ya maji ambayo ini linaigeuza sukari, mililita 300 kwa siku, siku 3 hadi 5.

Ila anayenitisha zaidi ni yule mnene. Mfugaji amemkausha, yaani ameacha kumkamua asubiri kuzaa, siku zote 60 anamshindilia pumba akiamini ndo anamjenga, basi anazaa na mafuta yake, insulini kidogo aliyonayo haifanyi kazi vizuri, hamu ya kula inakata na mafuta yanayeyuka kwa kasi ambayo ini haliwezi. Mimi nikifika bandani naanzia nyuma, nashika shina la mkia na nyonga. Kwa skeli ya unene ya 1 hadi 5 azae akiwa 3 au 3 na kidogo, 4 ni hatari. Na msimkondeshe akiwa mkavu jamani!! unene unarekebishwa wakati bado anakamuliwa. Wiki 3 za mwisho ndo aongezewe pumba kidogokidogo, majani mazuri yasikatike.

Kuna kile kimashine cha kupima ketoni cha wagonjwa wa kisukari, kinafaa kwa damu ya ng'ombe, changeni mnunue, ikisoma 1.2 mmol/L kwenda juu ana ketosisi hata kama kwa macho unamwona mzima.

Na mkiambiwa ng'ombe ana miezi minne tangu azae na hapati joto, yaani haonyeshi kutaka dume, msikimbilie sindano ya homoni, insulini ikikaa chini muda mrefu mayai hayakomai vizuri, ulizeni kwanza alizaa akiwa na mwili gani na wiki za mwanzo alikuwa anakula nini.