Duveti la mtumba la kulalia Kitulo
Ndugu, kama hilo duveti (shuka nene lililojazwa manyoya) uliloliona soko la Mwanjelwa, Mbeya, ni la manyoya ya bata kweli, mkono utakwambia kabla ya lebo. Likamate ngumini, libane, hesabu hadi kumi, achia. Manyoya laini ya kifuani yanafura yenyewe; likibaki bapa yamechoka, na vidole vikikuta vijiti vinavyochoma, mengi humo si yale laini. Kisha liinue juani uangalie vyumba vyake, yaani vile visehemu vilivyoshonwa vya kushika manyoya. Langu la kwanza lilikuwa na vyumba viwili vitupu upande wa miguuni, na baridi ilipita hapo hapo usiku kucha.

Lebo ikisema 90/10, laini ni 90%, yenye vijiti 10%. Namba kama 600 au 800 kwenye lebo inaonyesha yanavyofura tu. Joto linategemea pia gramu zilizojazwa. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Julai kuna sakitu, kwa hiyo duveti jembamba la kitandani peke yake halitoshi. Na ukilibeba safarini lifunge kwenye nailoni, maana manyoya yakilowa yanagandana na joto linaisha.