Muulize Dereva Mkongwe: Kanga wanapovuka njia ya mtaani

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Usa River, ndani kidogo upande wa barabara ya Ngurdoto, na asubuhi nawapeleka watoto shule kwa IST yangu. Njia yetu ni ya vumbi, upande huu mahindi, upande ule ua wa michongoma. Kuna kundi la kanga wa porini wanaovuka pale karibu kila siku. Juzi walichomoza ghafla, nikakanyaga breki kwa nguvu, bodaboda aliyekuwa nyuma yangu nusura aingie kwenye buti. Jirani ananiambia nisihangaike, nipite nao tu, nikimgonga mmoja ndiyo kitoweo. Mume wangu anasema nipige honi tangu mbali mpaka watawanyike. Nishike lipi?
Mama wa watoto watatu, Usa River

JIBU: Marahaba mwanangu. Yote mawili yaache. La jirani nitalirudia, la mzee wa nyumbani tuanze nalo, maana amelisema kwa nia njema.

Nimeendesha magari ya watalii kutoka Arusha kwenda mbugani kwa miaka mingi, na ndege wa kumchunga zaidi barabarani si mbuni wala korongo. Ni kanga. Ana mabawa, lakini anategemea miguu. Akiona gari hukimbia, na mara nyingi hukimbia mbele yako, akifuata alama ya tairi hatua nyingi kabla hajakata kuingia majanini. Kuruka ni pale anapokuwa amebanwa kabisa, na mruko wenyewe ni wa ghafla, mzito, wa chinichini, usawa wa kioo chako cha mbele. Kanga mzima ana kilo moja na ushee. Kilo hiyo ikikutana na kioo ukiwa mwendo mkali, si manyoya tu yatakayoingia ndani kwa watoto.

Sasa mtazame anavyovuka. Wa kwanza hutoka kwenye mahindi peke yake, anafika katikati ya njia, anasimama, anainua ile shingo ya buluu na kile kipembe cha mfupa kichwani, anaangalia huku na huku. Dereva mgeni husema "kanga mmoja", akaongeza mafuta apite nyuma yake. Hapo ndipo anapowagonga wengine, kwa sababu nyuma ya huyo kuna kundi zima linangoja kumfuata, mmoja nyuma ya mwenzake. Msimu wa mvua ndio wa kuogopa zaidi: vifaranga wana rangi ya majani makavu, huwaoni mpaka wako kwenye tairi, na mara nyingi ndio wa mwisho kutoka. Mama akishafika ng'ambo akasikia kifaranga kimoja kinalia nyuma, anarudi. Kwa hiyo ukiona njia imekuwa tupu, hesabu pumzi mbili tatu zaidi ndipo uondoe gari.

Honi ndefu inaharibu mpango huo. Kundi linakatika vipande viwili, nusu huku na nusu huku, na kanga hapendi kuachwa na wenzake. Waliobaki watakatiza mbele yako wawafuate, safari hii kwa hofu na bila kutazama. Kama ni lazima, iguse honi mara moja tu, kwa ufupi, ukiwa umeshasimama.

Kitu kinachookoa ni mwendo. Wako watafiti wa Marekani waliowaonyesha ndege wadogo wa kule picha ya gari linalowajia kwa kasi mbalimbali. Matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wale ndege hawakuwa wakipima kasi ya gari. Walipima umbali: gari likifika karibu mita 30, waliruka, liwe linakuja polepole au mbio. Kanga si ndege wale, lakini piga hesabu hiyo kwenye njia yako. Ukiwa kilomita 30 kwa saa, mita 30 zinampa ndege zaidi ya sekunde tatu na nusu. Ukiwa 50, ambayo ndiyo kikomo cha maeneo ya makazi, zinampa sekunde mbili. Ukifika 100, amebaki na sekunde moja, naye kanga hiyo sekunde anaitumia kuinua shingo.

Pale penye kundi lako shuka mpaka gia ya pili kabla hujawaona. Kanga ni wa ratiba. Usiku hulala juu ya miti, kunapokucha hushuka na kwenda kula, jioni hurudi, na hupita palepale. Kwa hiyo saa 12 na nusu mpaka saa 2 asubuhi, na tena saa 11 jioni mpaka giza linapoingia, hesabu kwamba wapo hata kama huwaoni. Baada ya mvua watakuwa barabarani, kwa sababu majani yamelowa na wao wanataka kukauka. Kiangazi watakuwa barabarani vilevile, wakioga vumbi na kuokota changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi. Na kama malori ya mahindi yanapita hapo na kuna tuta, chunguza chini ya hilo tuta: punje zinazomwagika gari linaporuka ndizo zinazowaita.

Kuhusu yule bodaboda: ukikaribia pale, gusa breki mara mbili tatu kidogo, taa za nyuma ziwake aone. Ukianza kusimama, washa hazadi. Usukani uache umenyooka. Nimeshaona gari limelala ubavu mtaroni, na kanga aliyekwepwa anaendelea kudonoa pembeni. Ikitokea umechelewa kabisa, breki imeshakanyagwa na ndege bado yuko mbele, usipinde. Nasema hivi nikiwapenda sana kanga, lakini kuna watoto watatu kiti cha nyuma na mtu mwingine kwenye pikipiki.

Na jirani mwambie hivi: kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama ya mnyamapori ni nyara za Serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi, hata kama ni kanga mmoja aliyegongwa. Wala asimfundishe mtu kuelekeza gari kwa kiumbe makusudi. Hilo linanikera kuliko yote uliyoniandikia.

SWALI: Babu shikamoo. Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kiko Tengeru. Usiku nikishusha abiria njia za ndani nakuta kindege kimekaa katikati ya barabara, macho yanawaka mekundu kama kaa la moto, hakiondoki mpaka nikikaribie kabisa. Wenzangu wanasema ni jini. Nifanyeje?
Bodaboda, Tengeru

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Huyo ni kirukanjia. Anakula wadudu wa usiku, nondo na mbawakawa, akiwadaka hewani kwa mdomo wake unaopanuka sana. Hukaa njiani kwa sababu pako wazi: kutoka pale anawaona wadudu wakipita juu. Macho yanawaka kwa kuwa nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga wa taa yako, sawa na ng'ombe au paka usiku. Mchana umeshampita mara nyingi bila kujua, amelala chini kwenye majani makavu. Hata mayai hutaga chini, bila kiota.

Taa kubwa inamduwaza. Ishushe, punguza mwendo, atainuka. Akiinuka hupanda wima, usawa wa kifua na uso wa mtu aliye kwenye pikipiki, kwa hiyo kioo cha helmeti kiwe kimefungwa. Na mwenzako kijiweni akikuambia umkanyage ili kuondoa nuksi, mkatalie. Wadudu anaowala ndio haohao wanaokuingia machoni.

SWALI: Nimemgonga bundi usiku jirani na ghala la mahindi, amekaa kando ya barabara, yu hai. Mke wangu hataki aletwe nyumbani, anasema ni uchuro. Nimfanye nini?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu yangu, bundi alifuata panya, na panya walifuata mahindi. Hakuna ujumbe wowote aliokuletea. Mrushie kitenge au koti kuanzia juu, kichwa kifunikwe, kisha mshike mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, na ujihadhari na kucha zaidi kuliko mdomo. Mweke kwenye boksi lenye matundu, pakavu na penye giza. Usimpe maji mdomoni wala chakula. Mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya usiku huohuo au kukikucha, na boksi likae gereji au stoo, mbali na mbwa na watoto. Mama hatalazimika hata kumwona.