Miguu, mifupa na maji: maswali ya makuruta

SWALI: Mdogo wangu ameitwa jeshini, ataripoti kambini baada ya wiki tatu. Vita vinaendelea na tunasikia mafunzo yamefupishwa. Ajiandae vipi? — Dada wa kuruta

JIBU: Dada, mafunzo ya wakati wa vita hubanwa kwa sababu mstari wa mbele unadai watu. Uingereza, kuanzia mwaka 1942, ilimpa kuruta wiki 6 tu za mafunzo ya awali kabla ya kumpeleka kwenye fani yake. Kazi hubaki nyingi, ila mwili haupewi siku za kuzoea, na cha kwanza kulipa ni miguu.

Kwa hiyo atembee. Aanze na kilomita 4 au 5, siku moja atembee na inayofuata apumzike, kisha aongeze kidogo kidogo. Mgongoni abebe kilo 5, asivuke 10. Kucha azikate kwa mnyoofu, asichimbe pembeni, zisije zikazama nyamani.

Siku ya kugawiwa buti, azijaribu akiwa amevaa soksi nene. Vidole vicheze, kisigino kisipande anapopiga hatua. Zikibana azirudishe stoo palepale, hata kama afande anafoka. Kufoka huko kutapita. Buti iliyobana ataivaa kila siku.

Lengelenge hutokea pale ngozi inapovutwa na soksi upande mmoja huku mfupa ukienda upande mwingine, na jasho huzidisha. Avae soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili msuguano ubaki baina ya soksi. Akihisi mahali panachoma, abandike plasta kwenye kituo cha kwanza cha mapumziko. Akingoja hadi kambini atakuwa amechelewa. Lengelenge dogo aliache. Kubwa lililojaa hadi kuuma alisafishe, alitoboe ukingoni kwa sindano iliyopitishwa kwenye spiriti, alikamue, lakini ngozi ya juu asiichune kamwe, kwa kuwa ndiyo bandeji bora aliyonayo. Wekundu ukianza kusambaa au usaha ukitoka, aende zahanati.

Na soksi kavu zikae daima ndani ya mfuko wa plastiki katika shanta. Mguu uliokaa kwenye maji baridi kutwa nzima hufa ganzi, ukavimba, na nyama yaweza kuoza. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwalemaza askari wengi namna hiyo mahandakini.

SWALI: Niko wiki ya nne. Muundi wa kulia unauma mahali pamoja, padogo kama sarafu. Wenzangu wanasema nikienda zahanati nitaitwa mtegaji. — Kuruta

JIBU: Nenda kesho asubuhi, mwanangu. Maumivu ya misuli huenea na hulegea mwili ukipata joto. Haya yako yamekaa nukta moja, na huenda ni ufa kwenye mfupa. Mfupa ukiongezewa kazi ghafla huanza kwa kumega sehemu yake ya zamani, ndipo hujenga mpya. Kati ya hatua hizo mbili unakuwa dhaifu, na ratiba iliyofupishwa haiusubiri. Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza uvimbe wa miguu ya askari wa matembezi marefu mwaka 1855, kabla picha za eksirei hazijagunduliwa; baadaye ilijulikana kuwa chanzo chake ni nyufa kama hizi.

Mwoneshe daktari nukta yenyewe kwa kidole kimoja, maana eksirei ya siku za mwanzo yaweza isioneshe kitu. Ukipumzishwa sasa, mara nyingi ni wiki 6 hadi 8. Ukikaza, ufa waweza kuwa mvunjiko kamili, na hapo ni miezi. Anayekuita mtegaji hatakubeba.

SWALI: Bunduki yangu inakataliwa kwenye ukaguzi ingawa naipaka mafuta mengi.

JIBU: Mafuta mengi ndiyo kosa: hushika vumbi, vumbi hugeuka tope, na bunduki hukwama. Toa magazini kwanza, fungua chemba, tazama na uguse kwa kidole kuhakikisha haina risasi. Sugua mtutu kutokea chemba kuelekea mdomoni, pitisha vitambaa hadi kimoja kitoke cheupe, kisha paka utando mwembamba tu.

SWALI: Tunahimizwa kunywa maji kila wakati. Je, yanaweza kuzidi?

JIBU: Ndiyo. Usivuke takriban lita 1.4 kwa saa wala lita 11 kwa siku, na usiruke mlo, kwa kuwa chumvi hutoka kwenye chakula. Maji yakizidi chumvi ya damu hushuka, mtu akatapika na kuchanganyikiwa. Lakini mwenzenu akianza kusema ovyo juani na mwili wake unawaka moto, huyo amepigwa na joto: msimpe chupa na kumwacha aketi. Mwiteni tabibu, mvueni kombati, mmwagieni maji baridi mwili mzima huku mkimpepea, palepale alipoangukia, kabla ya kutafuta gari.