Kabla ya meza ya kupima unga (heroini): chovya maji matupu kwanza

Unasema umeshaagiza stripu 500 za fentanili, vile vijikaratasi vya kuchovya kwenye unga ulioyeyushwa kuona kama umechanganywa na fentanili, ile dawa kali inayoua kwa kiasi kidogo, meza iko tayari hapo dropini kwenu, kituo cha watumiaji wa dawa, na waelimishaji rika wanaanza kupima Jumatatu. Jumatatu gani, bro? Simamisha hiyo kitu.

Hao vijana wako si wamewahi kusaidia kupima HIV na malaria? Basi jicho lao limezoea mistari miwili ni "anayo". Stripu za fentanili ni kinyume. Mstari mmoja tu, ule wa kontroli unaoonyesha stripu inafanya kazi, ndio fentanili imeonekana. Miwili, haijaonekana. Rudi usome tena, manake mimi nilipita hapo mbio.

Sisi tulianza na stripu 300 huku Pwani. Konsaltanti aliyeletwa kutufundisha alikaa nasi nusu siku hotelini, slaidi juu ya slaidi, mara Vancouver, mara Waholanzi wanapima dawa za watu tangu 1992, sisi tunatingisha vichwa na kula sambusa. Mistari aliigusa dakika za mwisho watu washaanza kuulizia nauli. Karatasi ya ndani ya boksi ni Kizungu tupu, herufi za sisimizi. Posho aliyolipwa naijua na siitaji hapa, nina presha.

Siku ya kwanza tukapima kete 26. Kete 25 zikatoa mistari miwili. Mwenzangu akashika kichwa, mimi nikatoa simu, na badala ya kumuuliza mtu anayejua tukatangaza, yani sisi wenyewe kwa midomo yetu, kabla ya magharibi kila maskani inajua unga wa fulani una ile sumu ya Marekani. Muuzaji mwenyewe akaja hadi mlangoni. Hakupiga kelele, aliuliza tu nani kasema, kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndio ilinifanya nilale kwa shangazi siku tatu. (Ndio, cheka.) Wiki hiyo hiyo askari wakafagia maskani, watu wakatawanyika, wenye arosto wakanunua kwa mtu wasiyemjua, unga mkali kuliko waliouzoea. Wawili wakazidiwa. Mmoja tulimkuta midomo imegeuka rangi, tukampiga naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa, tukampulizia pumzi, akaamka akitutukana kwa kumharibia stimu na sijawahi kufurahia matusi vile. Wa pili alijifungia chooni peke yake. Habari zake tulizipata kesho yake.

Unajua nani alitufumbua macho? Dada anayetupikia chai. Alichukua stripu moja kwa utani akaichovya kwenye maji ya bomba, ikatoa mistari miwili, akasema "kumbe hata birika langu lina fentanili?" Tukacheka. Halafu mmoja akaacha kucheka, na mwingine.

Na ile kete ya 26, ya mstari mmoja? Tulimrudishia mwenyewe tukamwambia yako iko poa. Labda stripu ilidanganywa, manake aisi (methi) ikiyeyushwa kwenye maji kidogo inaweza kutoa jibu la uongo, inabidi uongeze maji upime tena. Labda haikudanganywa. Hakurudi tena pale.

Kwa hivyo maji kwanza. Kila boksi jipya, kila asubuhi, kabla kete yoyote haijafika mezani, chovya moja kwenye maji matupu vijana wote wakiangalia. Miwili? Endelea. Mstari wa kontroli haupo? Tupa hiyo. Utaambiwa unaharibu stripu. Haribu! Ni stripu moja kwa siku, mimi nilipoteza maskani nzima, miezi 7 watu hawakuja hata kuchukua sindano safi.

Na mistari miwili usiseme "safi" ama "salama", sema "fentanili haijaonekana" ukomee hapo. Stripu hizo hazioni nitazini, kundi lingine la dawa kali za kutengenezwa kama fentanili, na hazikwambii unga wenyewe una nguvu kiasi gani.

Mashine uliyouliza, ile ya infraredi inayomulika unga kuona una nini ndani, bei yake unanunua gari, na kitu kikiwa chini ya asilimia 5 hivi ya mchanganyiko mara nyingi haikioni, wakati fentanili inaua kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Kibali nacho muone wakili kabla hujamuona mfadhili, kwa sheria yetu ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994 ukishika unga umeshika unga, hata kama umeushika kwa glavu. Kulikuwa na swali la posho ya vijana pia na lingine nimelisahau, nitarudi.

Lakini boksi si liko hapo? Fungua moja sasa hivi, chovya kwenye maji, nitumie picha. Nangoja.